Bosi wa Camelot na Daftari Lake la Hesabu

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka mingi niliwasimulia watu mwisho wa kitabu ambao sio mwisho wake. Nakala niliyoisoma ujanani ilikuwa imekwisha kupita mikono mingi, na mmoja wa waliotangulia, sijui ni kwa kufungia karanga au kwa kuwashia moto, alikuwa amenyofoa kurasa za nyuma. Kwangu hadithi ilikomea pale mashujaa 500 wa Mfalme Arthur, wamevaa deraya za chuma, wanapoingia London wakinyonga baiskeli kuja kumwokoa mfalme wao asinyongwe. Nikacheka, nikarudisha kitabu, nikawa nakitangaza kuwa ni kichekesho. Baadaye sana ndipo nilipopata nakala nzima. Nilizisoma zile sura za mwisho usiku mmoja, na asubuhi nikajiona kama mtu aliyekuwa akiisifu harusi aliyoondoka kabla nyumba haijaungua.

Kitabu chenyewe ni *A Connecticut Yankee in King Arthur's Court* cha Mark Twain, kilichotoka Desemba 1889. Shikeni mwezi huo, nitaurudia. Hank Morgan, mwenyeji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, ni msimamizi katika kiwanda cha silaha cha Colt. Anagombana na mfanyakazi mmoja wanayemwita Hercules, anapigwa mtaimbo wa kichwa, anazimia. Anapozinduka yuko chini ya mti, Uingereza, na mpanda farasi mwenye mkuki mrefu anamuuliza kama yuko tayari kupigana. Anachukuliwa mateka mpaka Camelot, na huko kijana mmoja mtumishi wa baraza, Clarence, anamtajia mwaka: 528. Mashine ya kusafiria katika wakati ilipata umaarufu kwa H. G. Wells mwaka 1895. Twain hakujisumbua na mashine, mtaimbo ulimtosha.

Sisi tuna usemi wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hank ni mgeni aliyeuchukua usemi huo kama mkataba wa kazi, akaweka na malipo. Anapokubaliwa kuwa waziri mkuu haombi cheo cha kikabaila wala shamba. Anaomba asilimia moja ya kila pato jipya litakaloingia hazina kwa juhudi zake, basi. Watu wanamwita Bosi, na yeye anaridhika kwa sababu jina hilo alipewa na watu wenyewe. Mimi nimekuja kuamini kwamba ufunguo wa riwaya hii umo kwenye ile asilimia moja. Ni riwaya ya mtu anayehesabu. Ukimfuata na daftari lake kuanzia mwanzo utaona mahali hesabu inapomshinda.

Inamshinda mapema kuliko anavyokiri. Mnajua namna alivyookoka. Amehukumiwa kuchomwa moto, naye anakumbuka kwamba tarehe 21 Juni 528, dakika tatu baada ya saa sita mchana, jua litapatwa. Anatuma ujumbe kwa mfalme kwamba akiguswa atalizima jua. Hila yenyewe si ngeni. Columbus aliwatisha wenyeji wa Jamaika kwa kupatwa kwa mwezi mwaka 1504, na waliosoma *Mashimo ya Mfalme Sulemani* wanajua Rider Haggard alivyoitumia katika riwaya yake ya 1885. Alichoongeza Twain ni kidogo, na kitamu. Clarence, kwa kudhani anamsaidia rafiki yake, anawashawishi wakubwa wamchome siku moja kabla. Hank anafungwa kwenye nguzo, kuni miguuni, huku akijua amekwisha, kwa sababu leo ni tarehe 20. Ghafla jua linaanza kumegeka. Kumbe kijana alikosea tarehe! Leo ndiyo 21. Elimu ya karne ya 19 ingekufa pale nguzoni kama si mtoto wa karne ya sita aliyekosea kuhesabu siku. Hank anachukua utukufu wote, na halizungumzii tena jambo hilo.

Baada ya hapo kitabu kinakwenda mbio, na hapo ndipo vicheko vilipo. Kazi yake ya kwanza serikalini ni kufungua ofisi ya hataza za uvumbuzi. Zinafuata shule za siri, simu, gazeti, na vyuo anavyoviita viwanda vya kutengeneza watu. Wale mashujaa wazururaji waliozoea kutafuta majoka anawavisha mabango ya sabuni kifuani na mgongoni, wakatangaze usafi vijijini. Yeye mwenyewe, akilazimika kuvaa deraya, anagundua kwamba vazi hilo la fahari halina mfuko, na kwamba nzi akiingia ndani ya kofia ya chuma hakuna mkono utakaomfikia. Kila aliyewahi kuvaa suti ya sufu kwenye hafla ya mchana mahali penye joto kama la kwetu ataielewa sura hiyo bila tafsiri.

Kuna mahali pamoja nataka tukae kidogo. Katika bonde moja takatifu Hank anamkuta mtawa juu ya nguzo, akiinama na kuinuka mchana kutwa kwa ibada. Mahujaji wanatazama na kulia. Hank anatoa saa yake. Anapata miinamo 1,244 katika dakika 24 na sekunde 46. Anaona ni dhambi nguvu zote hizo kupotea bure, anamfunga mtawa kamba za mpira na kumuunganisha na cherehani. Kwa miaka mitano mtawa anashona mashati zaidi ya 18,000, kumi kwa siku, Jumapili zikiwemo, na mashati yananunuliwa kama kinga ya dhambi. Mtawa alipoanza kuchoka Hank akauza hisa kwa wengine na kujitoa. Ukisoma haraka utadhani anayechekwa ni mtawa. Rudi usome tena, umtazame aliyeshika saa.

Mchoraji wa toleo la kwanza, Daniel Beard, aliielewa kejeli hiyo vizuri kuliko wahakiki wengi. Alimpa Merlin, mchawi mzee wa baraza, uso wa Tennyson, mshairi mkuu wa Uingereza wa wakati huo aliyewatukuza Arthur na wenzake kwa beti tamu. Mfanyabiashara wa watumwa akampa uso wa Jay Gould, tajiri wa reli wa Marekani. Maana yake kijiti kilikuwa na ncha mbili tangu siku ya kwanza.

Lakini sura ninayoipenda kuliko zote haina mchawi wala farasi. Ina meza ya chakula na ubishi wa mishahara. Hank na mfalme wamejivika nguo za kimaskini, wanazunguka nchini wasijulikane. Kabla ya safari Hank alimfundisha mfalme kutembea kama mtu wa chini: kichwa kiiname, mabega yalegee, macho yatazame ardhi. Mfalme anajaribu, anashindwa. Anaweza kubeba mzigo mgongoni, ila umaskini anaoukosa hauko mgongoni. Wanafikia kwa mchoma mkaa aitwaye Marco, na Hank, kwa jina la wenyeji wake, anaandaa karamu. Miongoni mwa walioalikwa ni Dowley, fundi chuma, mtu aliyeinuka kutoka chini na hachoki kusimulia: kwake nyama mbichi huliwa mara mbili kwa mwezi na mkate mweupe kila Jumapili. Hank anamwacha ajisifu mpaka atosheke. Kisha anaingia karani wa duka na hati ya madai ya karamu nzima, shilingi kwa shilingi, jumla milrei 39,150, karibu dola nne. Hank anatoa dola nne, anamwambia karani abaki na chenji. Dowley ananywea.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Hakukuwa na haja yoyote ya kumvunja mtu yule. Alikuwa ndiye raia hasa ambaye Bosi anadai kuja kumkomboa: fundi, mchapakazi, si mtoto wa kabaila. Lakini Hank hawezi kuvumilia mwenye daftari mwingine mezani.

Baada ya chakula unaanza ubishi. Kwa Dowley fundi analipwa mara mbili ya anacholipwa fundi wa upande wa Hank. Dowley anacheka kwa ushindi. Hank anamwonyesha kwamba bei za kwao zimepanda zaidi ya mara mbili, kwa hiyo mwenye mshahara mdogo ananunua vitu vingi zaidi. Hesabu ni sahihi kabisa. Hakuna anayeielewa. Dowley anarudia, na wenzake wanaitikia: sisi mshahara wetu mkubwa. Hank anaeleza tena, kwa nguo, kwa chumvi, kwa nyama. Wapi! Msomaji wetu hahitaji kwenda Camelot kuusikia mjadala huu, unaendelea kila mwisho wa mwezi kwenye foleni ya duka. Ninachokitazama mimi ni hatua inayofuata. Mwanamageuzi aliyeshindwa kueleweka anakasirika. Anakumbuka kwamba mapema Dowley alitaja kulipa vibarua zaidi ya kiwango kilichowekwa na hakimu, kosa ambalo adhabu yake ni kufungwa kwenye mti wa aibu sokoni na kutupiwa mawe. Anamnasa mbele ya wenzake, taratibu, kama wakili. Anataka kuwashangaza tu, asema. Lakini wanaume wale wanabadilika rangi. Mgeni wasiyemjua ameshika roho ya mwenzao mkononi.

Anajaribu kurekebisha mambo, amechelewa. Mfalme naye, kwa kutaka kusaidia, anaingia na mazungumzo ya kilimo na kueleza jinsi vitunguu vinavyochumwa mtini. Waliopo wanahitimisha kwamba mmoja ni msaliti na mwingine ni mwendawazimu, wanawarukia kwa kelele za kuua. Kabaila anayepita anawaokoa, kisha kwa kuwa hawawezi kuthibitisha kwamba ni watu huru wanapigwa mnada. Mfalme wa Uingereza anauzwa dola saba. Waziri wake dola tisa. Kinachomuuma mfalme safari nzima si minyororo, ni ile bei.

Twain hakuachia hapo. Anamfanya Hank akumbuke kwamba sheria hiyo hiyo, ya mtu huru kuuzwa asipoweza kuthibitisha uhuru wake, ilikuwepo kusini mwa Marekani katika zama zake mwenyewe, miaka 1,300 baadaye. Twain alizaliwa Missouri mwaka 1835, katika jimbo la watumwa, na baba yake alimiliki watumwa. Kwa hiyo pale mnadani hakuhitaji kubuni sana.

Naye pia alikuwa na daftari lake, tena lenye wekundu mwingi. Ujanani alijifunza kazi ya kupanga herufi za chapa kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine, na hakusahau uchovu wake. Mwaka 1880 alipelekwa kwenye kile kile kiwanda cha Colt, Hartford, kuonyeshwa mashine ya James Paige iliyopanga herufi yenyewe. Alirogwa. Mashine ilikuwa na vipande kama 18,000 (naam, karibu sawa na mashati ya mtawa), na ikikubali kufanya kazi ilikuwa ya ajabu kuliko mpangaji yeyote. Tatizo ni kwamba mara nyingi haikukubali. Twain aliizamishia takriban dola 300,000. Wakati anaandika riwaya hii alitamani kitabu na mashine vimalizike siku moja. Kitabu kilimalizika. Mashine ilipitwa na ya Mergenthaler, iliyokuwa sahili zaidi, na mwaka 1894 kampuni ya uchapishaji ya Twain ikafilisika. Akiwa na umri wa karibu miaka 60 alizunguka dunia akihutubia kumbi kwa kumbi, Australia, India, Afrika Kusini, mpaka madeni yakaisha mwaka 1898. Wanaomsoma Hank kama sanamu ya kudharau maendeleo wanasahau kwamba aliyemuumba aliipenda mashine mpaka ikamla.

Sasa zile kurasa zilizonyofolewa.

Miaka inapita. Utumwa umefutwa, treni zinakwenda, shujaa Launcelot ameingia soko la hisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza kwa sababu ya hisa hizo hizo: Launcelot anawakamua wenzake katika hisa za reli, na waliokamuliwa wanalipiza kwa kumfichulia mfalme siri ya Launcelot na malkia. Hank hayupo. Mtoto wake aliugua, madaktari wakashauri hewa ya bahari, na madaktari, anakuja kuambiwa na Clarence, walikuwa watu wa Kanisa. Anaporudi nchi iko kimya. Kanisa limetoa marufuku. Taa za umeme zimezimwa. Watu wote aliowasomesha wamerudi kule walikotoka, kwa sababu kanuni za mashine walizishika na hofu ya utotoni haikuwatoka. Waliobaki ni vijana 52, wa miaka 14 hadi 17, ambao Clarence aliwachagua kwa kuwa walianza kusoma kabla hofu haijawaingia.

Vijana hao na Bosi wao wanajifungia kwenye pango la Merlin. Nje wamezungusha nyaya za umeme, mabomu ya ardhini na bunduki 13 za Gatling. Jeshi la deraya linakuja usiku, na chuma kinashika umeme. Wa kwanza anagusa waya, anakufa amesimama. Wa pili anamgusa wa kwanza. Hakuna kelele. Hank anatembea gizani na kuwakuta wamesimama kama sanamu. Na hapa, mabwana na mabibi, mtu aliyehesabu miinamo ya mtawa kwa sekunde anaandika kwamba waliouawa na mabomu hawahesabiki, kwa kuwa hawakuwepo tena mmoja mmoja, walikuwa mchanganyiko wa nyama, chuma na vifungo. Baadaye anapata jumla, 25,000, kama mtu anayefunga hesabu za mwaka. Kisha hewa ya maiti inaanza kuwaua washindi ndani ya pango. Wakitoka ngomeni watauawa, wakibaki watakufa.

Nilisema nitaurudia Desemba 1889. Siku zile zile kitabu hiki kinaingia madukani, Henry Stanley, ambaye Twain alikuwa amemtambulisha jukwaani Boston mwaka 1886, alitokeza Bagamoyo baada ya safari yake ndefu ya kuvuka Kongo, safari aliyokwenda nayo bunduki mpya ya Maxim. Aliyempokea ni Hermann Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa akipigana na watu wa mwambao. Tarehe 15 ya mwezi huo kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani. Meli za Ujerumani na Uingereza zilikuwa zimeanza kuuzingira mwambao mwaka uliotangulia, na sababu iliyotangazwa ni kuzuia biashara ya watumwa. Sidai kwamba Twain alikuwa akitufikiria sisi. Nadai tu kwamba babu wa Pangani asingeona lolote geni katika sura ya mwisho.

Na Twain aliifuata njia hiyo mpaka Kongo. Mwaka 1905 alitoa kijitabu ambamo Mfalme Leopold wa Ubelgiji anazungumza peke yake, akilalamika jinsi wamishonari na makonsuli wanavyomchongea. Anachokichukia kuliko vyote ni kamera ndogo ya Kodak, kwa kuwa ndiye shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Picha zenyewe zilikuwa za watu waliokatwa mikono. Askari wa Leopold walidaiwa hesabu ya risasi: kila iliyotumika irudi na mkono wa kulia wa maiti, kuthibitisha kwamba haikupotezwa kwa kuwindia. Aliyepungukiwa alitafuta mikono kwa walio hai. Kwa Leopold, kama kwa Hank, kuna daftari, safari hii likiwa na stakabadhi.

Niliona bora niache hapo, lakini kuna ukurasa mmoja zaidi, ambao sikuujua kwa miaka yote ile. Merlin amemlaza Hank usingizi wa karne 13. Anaamka zama zake, mzee, mgonjwa, na Twain mwenyewe anamkuta akikata roho alfajiri, mvua ikikaribia kukatika. Anaweweseka. Hakumbuki kiwanda wala gazeti. Anamwita Sandy, mkewe wa karne ya sita, ambaye zamani alimsikia akitaja jina fulani usingizini, akadhani ni la mpenzi wake aliyempoteza, akampa mtoto wao kwa wema wake wote. Jina ni Hello-Central. Ndiyo maneno aliyozoea kumwambia msichana wa ofisi ya simu Hartford kila alipoinua kipokezi. Sasa anamwita mtoto kwa jina hilo, anasubiri, hapati jibu. Anadhani labda amelala. Anaomba akiamka aletwe, amguse mikono, uso na nywele.